James Grant: kidonda cha mguu kilichomnyima chanzo cha Nile

Wengi waliofika Serengeti wanamjua swala granti. Jina lake linatokana na James Augustus Grant, msafiri wa Kiskoti ambaye mwaka 1861 alipita katika nchi ambayo leo ni mikoa ya Shinyanga na Geita, kisha akalazwa Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mmoja.

Grant alizaliwa Nairn, Scotland, tarehe 11 Aprili 1827. Aliingia jeshi la Uingereza nchini India mwaka 1846, na katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857 alijeruhiwa mkono wa kulia. Mwaka 1860 aliondoka Zanzibar pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile.

Safari ilikwama katika nchi ya Wanyamwezi. Speke alitangulia kuelekea Uzinza, naye Grant akabaki na mizigo Ukune, upande wa Kahama, kwa zaidi ya miezi mitatu. Alipoondoka, Septemba 1861, msafara wake ulishambuliwa na watu wa mtemi Myonga, wapagazi wakatawanyika na mali ikaporwa.

Walifika kwa Rumanika, mtawala wa Karagwe, mwezi Novemba. Baada ya muda mfupi mguu wa kulia wa Grant ulikakamaa juu ya goti, ukavimba na kuuma sana. Ulichanjwa ili maji yatoke, na usaha ukaendelea kutiririka siku hadi siku. Wenyeji walimtibu kwa walichokuwa nacho: dawa za kusugua kwenye chale, na kukanda kwa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwa.

Januari 1862 Speke alikwenda Uganda kwa Kabaka Mutesa, akamwacha mwenzake kitandani chini ya uangalizi wa Rumanika. Grant aliondoka Karagwe Aprili, akibebwa kwenye machela. Hata alipoungana tena na Speke, mguu haukuwa na nguvu. Speke aliamua kwenda peke yake kwa mwendo wa haraka, na tarehe 28 Julai akasimama kwenye maporomoko karibu na Jinja ya leo, Nile inapotoka ziwani. Grant alikuwa ametumwa njia ya Bunyoro. Kidonda kilimnyima jambo alilolitembelea bara zima, lakini hakumlaumu Speke hadharani.

Alichapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1864, akashiriki vita vya Uhabeshi mwaka 1868, na akafariki Nairn tarehe 11 Februari 1892.

Madaktari waliosoma maelezo yake baadaye wanaona huenda ulikuwa ugonjwa wa Buruli, unaosababishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Daktari Albert Cook aliandika juu ya vidonda vya aina hiyo katika hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, na jina lilitokana na wilaya ya Buruli, Uganda. Leo hutibiwa kwa antibiotiki kwa wiki nane, pamoja na kuhudumia kidonda.

Msomaji wa Kahama au Geita, hasa anayefanya kazi akiwa amesimama kutwa au ndani ya maji ya machimbo, ajue kwamba vidonda vya mguu havina chanzo kimoja. Kuna vya mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ambavyo mara nyingi huja na uvimbe karibu na kifundo. Kuna vya mishipa inayopeleka damu mguuni, vya kisukari, na vya maambukizi. Bandeji ya kubana humsaidia mgonjwa wa aina ya kwanza, lakini damu isipofika vizuri mguuni inaweza kuuharibu. Ndiyo maana muuguzi hupima kwanza mapigo ya damu kwenye unyayo, kisha husafisha kidonda kwa maji safi na kukifunika.

Jambo jingine ni viungo. Mguu unaolazwa muda mrefu bila kunyooshwa hukakamaa, na kidonda kikipona ulemavu hubaki. Mgonjwa afundishwe mazoezi mapema. Kidonda kisichofunga kwa wiki mbili kipelekwe kituo cha afya, kabla hakijala miezi ya mtu kama kilivyokula ya Grant.