Joginder Singh: alishika mkia na V8 ya Marekani, akashinda na Volvo ya mitumba

Pasaka ya 1964, Joginder Singh alikabidhiwa gari ambalo dereva yeyote wa Afrika Mashariki angelitamani: Mercury Comet ya Marekani, injini V8 ya lita 4.7. Kampuni ya Ford ilileta Comet sita kwa mbio za Safari, zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa na sababu ya kujiamini. Mwaka uliotangulia, magari ya aina hiyo yalikimbizwa maili 100,000 kwenye uwanja wa Daytona, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa.

Lakini Daytona ni lami. Safari ilikuwa matope, vumbi, mashimo na mito iliyofurika. Magari 94 yaliondoka, 21 tu yakafika. Kati ya Comet sita zilifika mbili: moja ya 18, na ile ya Joginder ya 21. Yaani ya mwisho.

Hata hivyo alifika, na hilo halikuwa bahati. Joginder alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari 1932, akajifunza ufundi katika garaji ya baba yake. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akisaidia waliokwama. Kazi hiyo ilimwonyesha kila siku ni kitu gani hukatika kwanza garini, na mara nyingi si injini. Alipoingia Safari mwaka 1959 alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva.

Mwaka 1965 alirudi na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, gari la mkono wa pili ambalo lilikwisha kutumika mbioni. Umbo lake lilikuwa la miaka ya 1940 na injini yake, ya silinda nne, haikufika lita mbili. Ukiiweka kando ya Comet ungecheka. Ndiyo iliyoshinda.

Mafundi wa Munigi wanaifahamu hesabu hii hata kama hawajawahi kulisikia jina la Joginder. Hapa, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, mawe meusi ya Nyiragongo hayasamehe gari. Mlipuko wa Januari 2002 ulipasua ardhi karibu kabisa na Munigi na lava ikateremka hadi mjini. Mwenye gari la zamani lenye injini kubwa akipata pesa kidogo, moyo humtuma kwanza kwenye kabureta kubwa zaidi na ekzosi yenye mlio. Mimi naona huko ni kuanza na paa kabla ya msingi. Nguvu ikiongezwa, kila kilicho chini hubeba mzigo zaidi: springi, shokomzoba (amortiseri, kwa lugha ya garaji za Goma), breki, tairi, rejeta. Chujio la hewa lililo safi na bamba nene la chuma chini ya injini havina fahari yoyote, lakini jiwe moja likitoboa sehemu ya oili, farasi wote wa V8 hubaki njiani. Na kuvuta gari kutoka huko kuna bei yake.

Joginder aliendelea hivyo hivyo. Mwaka 1968 magari saba tu yalimaliza Safari, lake lilikuwamo. Mwaka 1974, katika Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, aliishinda Porsche 911 ya Msweden Björn Waldegård. Akarudia na Lancer mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 44, akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Wazungu walimwita Sikh Anayepaa, wenzake wa nyumbani wakamwita Simba.

Alishiriki Safari mara 22. Alimaliza 19, idadi ambayo kwangu ina uzito kuliko makombe yote matatu, kwa kuwa kuna miaka ambapo hata nusu ya magari hayakufika.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.