Rodolphe Töpffer, mwalimu aliyechora katuni kwa ajili ya wanafunzi wake

Katuni nyingi tunazosoma siku hizi zinatufikia kwa simu. Mtu anaituma kwenye kundi, tunacheka, tunamtumia mwingine. Mara nyingi jina la mchoraji limeshakatwa pembeni mwa picha. Hatujui ni nani, anaishi wapi, wala kama alipata hata senti kwa kazi hiyo.

Jambo hili si la leo. Lilimpata, karibu miaka 200 iliyopita, mtu ambaye watafiti wengi humwita baba wa hadithi za katuni. Jina lake ni Rodolphe Töpffer, na hewani tunalitamka Tepfer. Alikuwa mwalimu wa shule ya bweni mjini Geneva, nchini Uswisi. Alichora mwenyewe, akaandika maneno mwenyewe, akasimamia uchapaji mwenyewe. Yaliyomkuta yanawahusu pia wachoraji wetu wanaohangaika peke yao, na yanatuhusu sisi tunaowasoma.

Mtoto wa mchoraji

Töpffer alizaliwa Geneva tarehe 31 Januari 1799. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Ufaransa; ulijiunga na Uswisi mwaka 1815, yeye akiwa kijana wa miaka 16. Baba yake, Wolfgang-Adam Töpffer, alikuwa mchoraji anayejulikana, aliyechora mandhari za vijijini na pia picha za kuwakejeli wakubwa wa mji. Mtoto alikulia katikati ya rangi na brashi, na kila mtu alitegemea kwamba atafuata nyayo za baba.

Lakini macho yalimsaliti. Alipata ugonjwa wa macho uliomzuia kufanya kazi ya uchoraji wa rangi, ambayo huhitaji kukodoa macho kwa saa nyingi. Mwaka 1819 alikwenda Paris kutafuta matibabu na kusoma. Aliporudi mwaka uliofuata alijua kwamba hatakuwa mchoraji kama baba yake, akachagua ualimu.

Mwaka 1823 alioa, na muda mfupi baadaye akafungua shule yake ya bweni kwa wavulana. Mwaka 1832 aliteuliwa kuwa profesa wa fasihi katika chuo cha Geneva. Kwa watu wa mji wake alikuwa mwalimu anayeheshimika, mwandishi wa hadithi fupi, na mtu aliyewachukua wanafunzi wake kila mwaka kutembea kwa miguu katika milima ya Alps.

Madaftari ya jioni

Hata hivyo, kalamu hakuiacha. Macho yake yalishindwa kazi ya rangi, lakini mistari michache ya wino aliiweza. Jioni, wanafunzi wakiwa wamemzunguka, alichora hadithi za kuchekesha kwenye madaftari. Aligawa ukurasa katika vyumba kwa mistari, katika kila chumba akachora tukio moja, na chini yake akaandika maneno kwa mkono. Msomaji alifuata chumba kwa chumba mpaka mwisho wa kisa.

Picha zenye maneno zilikuwepo kabla yake. Jipya lilikuwa namna alivyounganisha vitu hivyo viwili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba picha bila maneno zingekuwa na maana isiyo wazi, na maneno bila picha yasingekuwa na maana yoyote. Kimoja kinamtegemea mwenzake, kama mapacha waliobeba mzigo mmoja. Hadithi za katuni tunazozijua leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Ya kwanza aliichora mwaka 1827. Ni kisa cha Bwana Vieux Bois, mzee aliyependa mwanamke mmoja kupita kiasi na kumfuata kila mahali huku mambo yakimharibikia. Nyingine ni ya Bwana Jabot, mtu wa majivuno anayejipenyeza kwenye karamu za matajiri. Kila akiaibika, anajinyoosha na kusimama tena kwa madaha kana kwamba hakuna aliyemwona.

Tunayoipenda zaidi ni ile ya Bwana Crépin, baba wa watoto 11 anayetafuta mwalimu wa kuwafundisha. Kila mwalimu anayekuja ana mfumo wake anaouapia kuwa ndio pekee wa kweli. Mmoja anadai kwamba akili ya mtoto hujulikana kwa kupapasa nundu za kichwa chake. Mchoraji alikuwa mwalimu, kwa hiyo alijua vizuri ni nani aliokuwa akiwacheka.

Msomaji mmoja wa mbali

Kwa miaka kadhaa madaftari hayo yalizunguka kwa wanafunzi na marafiki tu. Töpffer hakufikiria kuyachapisha. Aliogopa watu wangesema profesa anapoteza muda kwa michezo ya kitoto.

Mambo yalibadilika kwa sababu rafiki mmoja aliamua kuyapeleka mbali. Frédéric Soret, mtu wa Geneva, alikuwa akimfundisha mtoto wa mtawala huko Weimar, Ujerumani. Katika mji huo aliishi Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi aliyeheshimiwa kuliko wote katika lugha ya Kijerumani. Soret akampelekea baadhi ya madaftari ya Töpffer mwishoni mwa mwaka 1830 na mwanzoni mwa 1831.

Goethe alikuwa na umri wa miaka 81, na kwa kawaida hakupenda picha za kejeli. Lakini hizi zilimfurahisha mno. Alizisoma kidogo kidogo, kurasa chache kwa wakati mmoja, ili asishibe haraka. Alisema kijana huyu ana kipaji kikubwa, na kwamba angechagua mambo mazito zaidi angefanya makubwa yasiyofikirika. Maneno hayo yalifika Geneva.

Goethe alifariki Machi 1832. Hakumpa Töpffer fedha wala kumtafutia mchapishaji. Alisoma kazi yake kwa makini na kuisifu mbele ya watu. Kwa mtu aliyekuwa akiona aibu ya kile alichokichora, hilo lilitosha kumpa moyo wa kuanza.

Kuchapa bila kampuni

Mwaka 1833 Töpffer alipiga chapa kisa cha Bwana Jabot. Hata hapo hofu haikuisha. Alikaa na nakala hizo hadi mwaka 1835 ndipo akaanza kuzisambaza.

Njia aliyotumia inafaa kuelezwa. Siku zile picha zilichapwa kwa jiwe laini la chokaa. Mchoraji alichora juu ya jiwe kwa wino wenye mafuta. Kisha jiwe lililowanishwa maji na kupakwa wino wa uchapaji. Mafuta na maji havipatani, kwa hiyo wino ulishika kwenye mchoro tu. Tatizo ni kwamba kila kitu kilitoka kimegeuzwa, kama kwenye kioo, kwa hiyo maneno ilibidi yaandikwe kinyume.

Töpffer aliepuka kazi hiyo. Alichora kwa kalamu kwenye karatasi maalumu, kwa mwandiko wake wa kawaida. Karatasi iligandamizwa kwenye jiwe, mchoro ukahamia humo, na ukichapwa unatoka sawasawa. Hakuhitaji fundi wa kuchonga wala mtu wa kupanga herufi. Ilikuwa njia rahisi, na mistari yake ilibaki vilevile kama ilivyotoka mkononi mwake, pamoja na mitetemo yake.

Mwaka 1837 vilifuata visa vya Bwana Crépin na Bwana Vieux Bois. Baadaye vikaja vingine, mpaka jumla vikawa saba. Ni idadi ndogo, lakini kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja aliyebeba gharama na hatari mwenyewe.

Wizi uliovuka bahari

Umaarufu ulipoanza, wajanja nao walifika. Mwaka 1839 kampuni ya Aubert ya Paris, iliyokuwa ikiuza sana picha za kuchekesha, iliwapa watu kazi ya kuvichora upya visa vya Jabot, Crépin na Vieux Bois, ikaviuza kama vitabu vyake. Töpffer hakuombwa ruhusa. Alilalamika, lakini sheria haikuwa upande wake. Wakati ule haki ya mtunzi iliishia mpakani mwa nchi yake. Alichoweza ni kutoa upya kisa cha Vieux Bois mwaka huohuo na kuwaambia wasomaji wachukue nakala halisi.

Nakala za Paris ziliendelea na safari. Mwaka 1841 mchapishaji wa London alitoa kisa cha Vieux Bois kwa Kiingereza, mhusika akapewa jina jipya, Obadiah Oldbuck. Tarehe 14 Septemba 1842 gazeti la Brother Jonathan la New York likakitoa kama toleo la nyongeza. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha katuni kuchapwa Marekani. Nchi ambayo baadaye ingetajirika kwa katuni ilianza na kazi iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala.

Kulikuwa pia na watu waliomsaidia. Binamu yake, Jacques-Julien Dubochet, alikuwa mchapishaji huko Paris. Mwaka 1844 kilitoka huko kitabu cha safari zake za milimani na wanafunzi. Mwaka 1845 kisa chake cha Bwana Cryptogame, mwindaji wa vipepeo anayemkimbia mwanamke anayetaka kuolewa naye, kilitoka kwa mfululizo katika jarida la L'Illustration. Macho ya Töpffer yalikuwa yamechoka, kwa hiyo michoro ilirudiwa kwenye mbao na kijana aliyejulikana kwa jina la Cham. Safari hii ilikuwa kwa ridhaa ya mwenyewe.

Miaka ya mwisho

Hatutaki kumfanya malaika. Katika siasa alikuwa mtu wa zamani, aliyepinga waliodai mabadiliko Geneva. Kisa chake cha Albert, cha mwaka 1845, kinamkejeli kijana mwanamapinduzi kwa ukali ambao hata wapenzi wake wengi hawakufurahia.

Lakini mwaka huohuo alitoa pia kijitabu cha kueleza sanaa yake. Alionyesha jinsi mistari michache inavyotosha kuupa uso hasira, ujinga au wema, na akasema kwamba kuchora uso wenye uhai hakuhitaji masomo marefu ya chuo. Anayetaka aanze, akosee, aangalie kilichotokea, na ajaribu tena. Kwa kijana wa kijijini mwenye kalamu na daftari la shule, hilo ni somo zuri hata leo.

Afya yake ilizidi kuzorota. Alikwenda Vichy, Ufaransa, kutafuta nafuu kwenye maji ya chemchemi, bila mafanikio. Alifariki Geneva tarehe 8 Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 47. Baba yake, aliyemfundisha kupenda picha, alikuwa bado hai.

Tunabaki na nini

Miaka 40 baada ya kifo chake, Septemba 1886, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kulinda kazi za watunzi nje ya mipaka ya nchi zao. Zilitia saini katika mji wa Bern, Uswisi, nchi ya Töpffer mwenyewe. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kwa hiyo ulinzi ambao yeye hakuupata, wachoraji wetu wanao kwenye karatasi.

Lakini sheria haiwezi kufanya kila kitu. Wengi wetu tulimpenda Chakubanga katika gazeti la Uhuru, tukafuata visa vya jarida la Sani hadi kurasa zikachakaa. Leo wapo vijana wanaochora vizuri na kuchapa nakala chache kwa fedha zao, au kuweka kazi zao mtandaoni. Wanahitaji kile alichokifanya Soret: mtu wa kuichukua kazi na kumwonyesha mwingine, huku akitaja ni ya nani.

Ukipenda katuni iliyofika kwenye simu yako, uliza nani kaichora. Ukiituma, usikate jina. Kama mchoraji anauza kitabu, nunua kwake badala ya kuomba picha za kurasa. Kama una duka au kikundi kinachohitaji bango, mpe kazi hiyo mchoraji wa kijijini kwako na umlipe mlichokubaliana. Na ukiona mtoto anachora nyuma ya daftari la hesabu, kabla hujamkemea, mwombe kwanza akuonyeshe.