Robert Koch na maziwa ya mwanao

Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 62 alifika Mwanza akitafuta tiba ya malale. Aliitwa Robert Koch. Hakukaa sana, kwani wagonjwa walikuwa wengi zaidi visiwa vya Sese, Uganda, akahamia huko.

Msomaji, kama umewahi kupimwa makohozi, kazi ya mtu huyu imekugusa. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alionyesha kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria. Si laana, wala si ugonjwa wa ukoo. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Lakini ana upande wa pili. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi walikufa baada ya kuchomwa. Wenzake hawakujua wanachunguza nini, mpaka mwaka uliofuata aliposema kuwa ni majimaji yaliyotolewa kwenye bakteria wale wale.

Mwaka 1901, akiwa London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe ni nadra mno kumpata binadamu, na hakuona haja ya kuhangaika na maziwa. Kwa kuwa aliyesema ni Koch, wengi waliamini. Tume ya Uingereza ilimaliza uchunguzi mwaka 1911 na kuthibitisha kinyume. Yeye alikuwa amefariki Mei 1910.

Leo tuna njia ambayo Koch hakuwa nayo. Kila kiumbe hubeba jenomu, yaani maandishi yake yote ya urithi. Mashine huyasoma vipande vipande, kisha kompyuta huviunga kama mtu anayeunga gazeti lililochanika. Mwaka 1998 wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa walikamilisha jenomu ya bakteria wa kifua kikuu cha binadamu, herufi kama milioni 4.4, wakaiweka wazi kwa kila mtafiti. Mwaka 2003 ikafuata ya bakteria wa ng'ombe. Zilipowekwa pamoja, zilifanana kwa zaidi ya asilimia 99.95. (Hata mbung'o, aenezaye malale yaliyomleta Koch ziwani, jenomu yake ilitoka mwaka 2014, kazi ya wanasayansi zaidi ya 140.)

Tofauti hiyo ndogo si ya kupuuza. Herufi moja iliyobadilika kwenye jeni moja humfanya bakteria wa ng'ombe asidhurike na pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa huanza nazo. Na mashine ya kawaida ya kupima makohozi haiwatofautishi bakteria hawa wawili.

Kwa hiyo mzazi wa Butimba, ukija na kikohozi cha wiki mbili, au mtoto ana matezi ya shingo yasiyopungua, mwambie daktari kama nyumbani mnakunywa maziwa mabichi. Usingoje aulize, maana kwenye foleni ndefu anaweza kusahau. Maziwa ya kwenye dumu yachemshe kwanza, ndipo uyagandishe; kuganda peke yake hakuui bakteria wote. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure.