Sayyid Said bin Sultan na Mkataba na Wamarekani



Hapa Bugarama mikataba tunaiona kila siku. Huyu anauza kiwanja, yule anaanza kazi mgodini, mwingine anagawana mawe na mwenye duara. Wengi hutia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze habari za Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyefanya mkataba na taifa la mbali sana naye.

Sayyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Oman, akashika utawala mwaka 1806 akiwa bado kijana. Alipenda biashara, na baadaye alihamishia makao yake Unguja.

Mwaka 1828 alikutana Unguja na mfanyabiashara wa Kimarekani, Edmund Roberts. Mgeni huyo alilalamika kwamba Wamarekani wanasumbuliwa bandarini. Sayyid Said hakumfukuza, bali alimsikiliza na kuonyesha kuwa yuko tayari kupatana na nchi yake. Roberts akarudi kwao kupeleka habari. Mwaka 1833 aliwasili Muscat akiwa mjumbe wa Rais Andrew Jackson.

Hawa wawili walitofautiana kwa dini, lugha na desturi. Hata hivyo, walikubaliana kwa siku chache tu, na mkataba ukatiwa saini tarehe 21 Septemba 1833, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zote za Sayyid, wakilipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa mali waliyoishusha. Lakini katika Unguja, bunduki na baruti ziliuzwa kwa serikali peke yake. Sayyid Said alifungua mlango, ila hakuutoa ufunguo.

Jambo moja linatupendeza zaidi. Roberts alitaka iandikwe kwamba meli ya Marekani ikivunjika, nchi yake italipa gharama za kuwatunza mabaharia. Sayyid Said alikataa. Ikaandikwa kwamba watatunzwa kwa mali yake mwenyewe, kwa kuwa hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na shida. Katika karatasi ya biashara aliingiza adabu ya Muislamu kwa mgeni.

Mwaka 1840 alipeleka meli yake, Sultana, hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Sheria ya Marekani ilimzuia rais kujichukulia zawadi za Sayyid, hivyo zikapokewa kwa niaba ya serikali. Nao Wamarekani waliitengeneza meli hiyo kwa gharama zao kabla haijarudi.

Faida ya mkataba ilifika hadi huku bara. Nguo ya pamba tuliyoiita merikani ilipanda na misafara mpaka Unyamwezi, na pembe za ndovu zikashuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma.

Lakini tusifiche ukweli. Katika utawala huohuo watu waliuzwa sokoni Unguja. Mwaka 1822 na 1845 Sayyid Said alikubaliana na Waingereza kuipunguza biashara hiyo, lakini soko halikufungwa mpaka mwaka 1873, zama za mwanawe Sayyid Barghash. Baharia mgeni aliandikiwa haki yake, mtumwa hakuandikiwa. Kwa hiyo, wanafunzi wetu, mnaposoma mkataba wowote msiulize tu umewapa nini waliotia saini. Ulizeni pia nani hakutajwa.

Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akitoka Muscat kwenda Unguja, na huko ndiko alikozikwa.

Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Basi tusome kabla ya kutia saini, na tukishatia saini tutimize. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa amana. Amin.