Joseph Whitworth: Fundi Aliyezipatanisha Bolti na Nati

Askari yeyote aliyepata kutengeneza gari porini aujua uchungu wa nati isiyokubali bolti yake. Silaha zipo, mafuta yapo, watu wako tayari, lakini safari haiendi kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi kidole. Leo, ndugu wasomaji wetu wa jeshi na polisi, twawaletea maisha ya mtu aliyeutumia umri wake kupambana na balaa hilo, naye ni Joseph Whitworth wa Uingereza.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1803, mjini Stockport. Baba yake alikuwa mwalimu na mhubiri. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa jamaa yake mwenye kiwanda cha kusokota pamba ili ajifunze biashara hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye mashine, si kwenye pamba. Akatoroka, akaenda Manchester kufanya ufundi, na mwaka 1825 akaingia London katika karakana ya Henry Maudslay, fundi mashuhuri wa zama zile.

Huko ndiko alikogundua njia ya kupata bamba la chuma lililo sawa kabisa. Mabamba mawili yakisuguliwa yaweza kukubaliana ilhali moja limebinuka na jingine limebonyea. Whitworth alitumia matatu, akayalinganisha mawili mawili kwa zamu, na kila palipoinuka akapakwangua. Yote matatu yakikubaliana, hapana hila tena: yamenyooka. Mwaka 1833 alirudi Manchester kufungua karakana yake mwenyewe, na baadaye akaunda mtambo wa kupimia uwezao kutambua tofauti ya sehemu moja katika milioni ya inchi.

Zama zile kila karakana ilikata nyuzi za bolti ipendavyo, hata mashine ikiharibika ilibidi irudishwe kwa aliyeiunda. Whitworth akakusanya bolti za karakana nyingi, akazilinganisha, akachukua wastani. Mwaka 1841 akatangaza kanuni yake: pembe ya nyuzi iwe nyuzijoto? La, iwe digrii 55 kwa bolti zote. Bolti ya robo inchi iwe na nyuzi 20 katika kila inchi, ya nusu inchi 12, na ya inchi moja 8. Kampuni za reli zikaipokea, na hatimaye nchi nzima. Faida yake ilionekana katika Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856. Serikali ilipohitaji upesi injini za mashua za mizinga, kazi iligawanywa kwa karakana mbalimbali, na vipande vilipokutanishwa vikaingiana.

Vita hivyo vilimwingiza Whitworth katika kazi ya silaha. Mwaka 1854 serikali ilimtaka shauri juu ya mashine za kutengenezea bunduki. Yeye akaanza kwa kuchunguza mtutu wenyewe. Akaunda bunduki yenye tundu la pembe sita lililojipinda mzunguko mmoja katika kila inchi 20, na upana wa inchi 0.451. Katika majaribio ya 1857 iliishinda Enfield ya jeshi kwa shabaha. Hata hivyo jeshi halikuichukua, kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa na mtutu wake mwembamba uliziba upesi kwa masizi ya baruti. Twaona hapa ya kuwa silaha ya vita haipimwi kwa shabaha peke yake, bali hata kwa bei yake na usafi wake mikononi mwa askari wa kawaida.

Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon kwa bunduki hiyo iliyowekwa juu ya egemeo, akapiga karibu na kitovu kwa umbali wa yadi 400. Lakini usahihi hauchagui wa kumtumikia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walenga shabaha wa majimbo ya Kusini waliitumia, na yaaminika kuwa ndiyo iliyomwua Jenerali John Sedgwick huko Spotsylvania tarehe 9 Mei, 1864.

Mwaka 1868 Whitworth alitoa fedha za kuwasomesha vijana mafundi: nafasi 30, kila moja pauni 100 kwa mwaka. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari, 1887.

Kanuni yake haikuenea duniani kote. Wamarekani walishika pembe ya digrii 60, na katika Vita Kuu ya Pili majeshi rafiki yalitaabika kwa bolti zisizoingiana. Ndipo mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo kimoja. Basi, ndugu askari, tusikidharau kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo. Aliyekiandika alikusudia kwamba kipande kitokacho ghala la mbali kiingie mahali pake siku ya haja, na mwenye kukitegemea arudi nyumbani salama.