Chris Smith: Mwindaji wa bata aliyeufungulia umma mlango wa boti za mbao

WAPENZI wa boti za kale za mbao, popote walipo duniani, hawakosi kulitaja jina la Chris-Craft. Hata hivyo, si wengi wanaomfahamu vyema mtu aliyelizaa jina hilo.

Huyo ni Christopher Columbus Smith, Mmarekani aliyefariki dunia Septemba 1939 akiwa na umri wa miaka 78. Alianza maisha kwa kuwinda bata vinamasini, akayamaliza akiwa baba wa familia iliyoongoza nchini mwake kwa kuunda boti za starehe zinazoendeshwa kwa injini.

Smith alizaliwa Mei 20, 1861 katika mji mdogo wa Algonac, jimbo la Michigan, kando ya Mto St. Clair unaotenganisha Marekani na Kanada. Hapo mto hugawanyika katika mikondo mingi yenye matete, kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa St. Clair. Tangu zamani bata mwitu walitua huko kwa maelfu.

Yeye na kaka yake, Henry, walijipatia riziki kwa kuwinda bata hao, kuchonga bata bandia wa kunasia wenzao na kuwaongoza wawindaji matajiri waliotoka mijini. Kazi hiyo ilihitaji chombo chepesi, kisichozama sana majini na kinachopita katikati ya matete bila kelele. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 13 tu, Smith aliunda boti yake ya kwanza.

Wageni walivipenda vyombo hivyo, wakaanza kuomba wauziwe. Katika miaka ya 1880 ndugu hao wakawa mafundi wa kutegemewa mjini hapo, na muongo uliofuata wakaanza kufunga injini katika boti zao. Inaelezwa kuwa Smith hakuwa mtu wa michoro. Alilipima umbo la chombo kwa jicho na kwa kiganja cha mkono, akaikata mbao, akairudia hadi ikae alivyotaka.

Mwaka 1910 ulimleta kwake mtu wa aina nyingine kabisa, John Ryan, mfanyabiashara aliyependa kamari na mashindano. Ryan alitoa fedha, Smith akatoa ufundi, na boti walizoziita Reliance zikaanza kutikisa mashindano ya mbio za majini.

Lakini mbio ni starehe inayokula fedha kuliko moto unavyokula kuni. Kufikia mwaka 1913 Ryan alikuwa amefilisika, na Smith, aliyekwishatimiza miaka 50, akabaki na karakana, wanawe na sifa isiyoweza kulipa mishahara.

Wafanyabiashara wa Detroit ndio waliomwinua tena. Mwaka 1915 boti aliyowaundia, Miss Detroit, ilitwaa Kombe la Dhahabu, tuzo kubwa ya mbio za boti nchini Marekani. Pamoja na ushindi huo, wenye boti walilemewa na gharama, na mwaka 1916 ikanunuliwa na Gar Wood, mvumbuzi aliyetajirika kwa mtambo wa kunyanyulia bodi za malori ya kumwaga mizigo.

Wood hakuishia hapo, bali aliinunua na kampuni ya Smith. Ushirikiano wao ukazaa matunda: hadi mwaka 1921 Kombe la Dhahabu halikutoka mikononi mwa boti zilizoundwa Algonac. Mwaka 1920 Miss America, iliyokuwa na injini mbili za ndege aina ya Liberty, ilivuka bahari hadi Uingereza na kurejea na Kombe la Harmsworth la kimataifa.

Kwa fundi mwingine hapo ndipo palikuwa kileleni. Smith hakuliona hivyo. Kila boti ya mashindano ilikuwa ya peke yake, iliundwa kwa ajili ya tajiri mmoja, na msimu ulipokwisha thamani yake ilikwisha nayo. Riziki ya familia nzima ilikuwa inaning'inia kwenye mfuko na utashi wa mtu mmoja, na Smith alikwishaonja uchungu wa mfuko huo unapokauka.

Mwaka 1922 yeye na wanawe walijitenga na Wood, wakaanzisha kampuni yao. Safari hii hawakutafuta tajiri wa kuwafadhili. Walichagua boti ya futi 26, wakaamua kuiunda hiyo hiyo tena na tena, kwa vipimo vile vile, ili kila ubao na kila taruma liweze kuandaliwa mapema. Ndani yake walifunga injini za ndege za Curtiss zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambazo zilipatikana kwa bei nafuu.

Jina la Chris-Craft lilianza kutumika katikati ya miaka hiyo ya 1920, na mwaka 1930 likawa jina rasmi la kampuni. Bei ilishuka, malipo ya awamu yakaruhusiwa, na boti ya injini, ambayo hapo awali ilikuwa chombo cha mabwanyenye, ikaanza kuonekana gatini mwa madaktari, mawakili na wenye maduka. Walitoa pia boti ndogo zaidi ya futi 22, iliyoitwa Cadet, kwa ajili ya familia zenye kipato cha wastani.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Maagizo ya boti yalikatika, kwa kuwa mtu aliyepoteza kazi hanunui chombo cha matembezi. Kampuni ilinusurika kwa kupunguza wafanyakazi na kutoa boti za bei ya chini, zisizo na nakshi nyingi. Wakati huo uendeshaji ulikuwa mikononi mwa wanawe, akiwamo Jay, lakini mzee aliendelea kufika karakanani.

Alifariki dunia siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Pili kuanza huko Ulaya. Hakuwahi kuona karakana zake zikigeuzwa kuwa viwanda vya kuunda maelfu ya vyombo vya kushushia askari ufukoni. Familia iliiuza kampuni mwaka 1960, faibaglasi ikaingia katika muongo huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 uundaji wa boti za mbao ukakoma.

Urithi wake sasa umo mikononi mwa wamiliki, na si urithi mwepesi kuutunza. Mataruma ya mwaloni na mbao za mahogani hushikwa kwa maelfu ya skrubu. Sehemu ya chini ya boti nyingi za zama hizo ina tabaka mbili za mbao, katikati yake pamewekwa turubai lililopakwa dawa ya kuzuia maji. Miaka inapopita turubai hilo huchoka, skrubu hulegea, na fundi hulazimika kuifumua sehemu yote na kuiunda upya.

Jua hubabua vanishi, hivyo ni lazima isuguliwe na kupakwa upya mara kwa mara. Maji ya mvua yakituama ndani huleta uozo, hususan kwenye maungio yasiyopata hewa. Boti iliyokaa nchi kavu kwa miezi kadhaa husinyaa, na ikishushwa majini huvuja hadi mbao zivimbe na kuziba nafasi. Mwenye busara huiacha ikining'inia kwenye mikanda, pampu ikiwa tayari, hadi maji yaache kuingia.

Hata hivyo, uamuzi wa mwaka 1922 ndio unaowaokoa wamiliki hao leo. Kwa kuwa boti ziliundwa kwa vipimo vya aina moja, ubao uliooza unaweza kunakiliwa kutoka kwa boti nyingine ya aina hiyo hiyo. Aidha, kila boti ilipewa namba na kuandikiwa kadi yake.

Kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Mariners, mjini Newport News, jimbo la Virginia. Mmiliki mwenye namba ya boti iliyookotwa katika banda la shamba anaweza kujua ilikuwa na injini gani, ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa wapi. Kwa boti za mashindano alizowaundia matajiri, nyingi ya hizo zimebaki katika picha na vikombe tu. Zile alizoziunda kwa ajili ya watu wa kawaida bado zinaelea.