Kutoka Msomaji hadi Mwandishi: Malezi ya Kisomo ya Shaaban Robert

1.0 Utangulizi

Maisha ya Shaaban Robert yamesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi husimuliwa kuanzia mwisho. Msimulizi huanza na shaha wa Kiswahili mwenye vitabu zaidi ya ishirini, kisha hurudi nyuma kumtafutia utoto unaolingana na ukubwa huo. Matokeo yake ni kwamba kipawa hutolewa kuwa sababu ya kila jambo: alizaliwa malenga, basi akawa malenga. Maelezo hayo yanampa heshima mwandishi, lakini yanamnyima sifa ya kazi aliyoifanya. Shaaban Robert alikuwa kijana mwenye elimu ya shule ya miaka michache tu, aliyeajiriwa akiwa na umri wa miaka 17, na ambaye kitabu chake cha kwanza kikubwa hakikutoka mpaka alipokaribia miaka 40. Swali linalostahili kujibiwa ni namna mapenzi ya kusoma na kuandika yalivyomea na kudumu katika mazingira yasiyokuwa na maktaba, chuo kikuu wala soko la uhakika la vitabu vya Kiswahili.

2.0 Pwani ya Hati Mbili

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, ingawa yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Robert lilikuwa jina la baba yake. Mwana alikuwa Mwislamu, na Uislamu umejaa katika maandishi yake yote.

Mahali hapo pana maana katika historia ya kusoma na kuandika. Pwani ya Tanga ilikuwa na hati mbili. Hati za Kiarabu zilikuwa zimebeba tenzi, barua na mikataba ya Waswahili kwa karne kadhaa, na watoto wa Kiislamu walizianza chuoni kwa mwalimu. Hati za Kirumi zilienezwa na wamisheni na serikali ya Wajerumani, iliyofungua shule yake Tanga katika muongo wa 1890. Kutoka katika shule hiyo gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa mwaka 1904, miaka mitano kabla ya Shaaban kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto wa vijiji vya Tanga hakuzaliwa katika jamii isiyojua maandishi. Alizaliwa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa njia mbili, kila njia na heshima yake: moja ya dini na ushairi, nyingine ya ofisi na magazeti. Kazi ya maisha yake ilikuja kuziunganisha mila hizo mbili katika kalamu moja.

Utulivu wa utoto huo ulikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yalishindwa katika mapigano ya Tanga. Mwaka 1916 mji ukatwaliwa, na utawala wa Kijerumani ukaondoka pamoja na shule zake. Kizazi cha Shaaban kilichelewa kuingia darasani kwa sababu hiyo.

3.0 Shule, 1922–1926

Mwaka 1922, akiwa na miaka 13, Shaaban alianza shule Msimbazi, Dar es Salaam. Alimaliza mwaka 1926 na kupata cheti, akiwa wa pili kati ya watahiniwa kumi na mmoja waliofaulu. Huo ndio uliokuwa mwisho wa elimu yake ya darasani.

Ni rahisi kuipuuza miaka hiyo kwa uchache wake, na ni rahisi vilevile kuikuza kupita kiasi. Shule ilimpa mambo mawili yasiyo na mbadala: hati za Kirumi zilizokomaa mkononi, na mwanzo wa Kiingereza. Aidha, ilimweka katika mji uliokuwa kitovu cha uchapishaji wa Kiswahili. Mwezi Januari 1923, Shaaban akiwa mwanafunzi, Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo kutoka mji huohuo. Gazeti hilo lilipokea habari, barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika. Humo kijana wa Kiafrika angeweza kumwona mwenziwe asiye mwalimu wala mmisheni akiwa na jina lake katika chapa. Jambo ambalo shule haikuweza kumfundisha mtu, yaani kwamba msomaji anaweza kuwa mwandishi, gazeti lililionyesha kila mwezi.

4.0 Meza ya Karani

Mwaka 1926 Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na aliishika kazi hiyo hadi mwaka 1944, akitumikia Pangani na vituo vingine. Wapo wanaoiona miaka hiyo 18 kuwa ni wakati uliopotea, kana kwamba mwandishi alikuwa amefungwa gerezani akingoja kutoka. Mtazamo huo hautoshi. Karani ni mtu anayeishi kwa kalamu. Kazi yake hudai usahihi, mwandiko unaosomeka, mpangilio wa hoja na uchaguzi wa neno lisilo na utata. Nathari ya Shaaban Robert, yenye sentensi zilizopimwa na kupangwa kwa mizani, haiwezi kuelezwa kwa ushairi peke yake. Ina nidhamu ya mezani ndani yake.

Hata hivyo ofisi haikumpa elimu. Hiyo aliitafuta mwenyewe. Katika miaka ya 1930, akiwa na kazi na familia, alijiendeleza kwa masomo ya posta, hasa katika Kiingereza. Uamuzi huu ndio kipimo bora cha mapenzi yake ya kusoma kuliko kisa chochote cha utotoni. Mwanafunzi wa shule husoma kwa sababu kengele imelia. Mtu mzima anayelipia masomo kutoka katika mshahara wa karani na kuyasoma baada ya saa za kazi husoma kwa sababu ameona upungufu wake na hakuridhika nao.

5.0 Gazeti na Barua

Katika muongo huohuo mashairi yake yalianza kuonekana katika Mambo Leo. Uwanja huo ulikuwa na masharti makali. Wasomaji wake walijua vina na mizani, na shairi lenye kosa lingeweza kujibiwa na malenga mwingine mbele ya watu wote. Mshairi kijana alipata hapo kile ambacho waandishi wengine hupata katika jumuiya za vyuo: hadhira inayojua na inayosahihisha.

Uwanja wa pili ulikuwa wa faragha. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 Shaaban alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Barua hizo zilihifadhiwa na Ulenge na kuchapishwa mwaka 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Umuhimu wake kwa mada hii ni kwamba zinamwonyesha mtu ambaye kwake kuandika kulikuwa desturi ya maisha kabla ya kuwa kazi ya kuchapishwa. Mambo ya nyumbani na mambo ya vitabu yalipita katika bahasha zilezile.

Kuna jambo jingine la kiisimu ambalo halipaswi kusahauliwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Shaaban alikuwa na miaka 21. Lugha ya kwao Tanga ilikuwa na lahaja zake. Ushairi uliotukuzwa ulikuwa umejaa msamiati wa Kimvita na Kiamu. Na vitabu vya shule vilianza kufuata usanifu mpya. Kwa hiyo hakurithi lugha sanifu iliyokamilika. Alikua pamoja nayo, na baadaye akawa mjumbe wa Kamati hiyohiyo. Katika mashairi aliendelea kuchota kutoka hazina ya zamani. Katika nathari aliisaidia lugha sanifu kupata sauti isiyokuwa ya tafsiri.

6.0 Matunda

Usomaji wa Shaaban Robert unasomeka ndani ya kazi zake. Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, unafuata njia iliyofunguliwa na Mwana Kupona mwaka 1858. Adili na Nduguze, iliyotoka 1952, inatokana na kisa cha Alfu Lela Ulela. Mwaka huohuo ilitoka tafsiri yake ya Omar Khayyam, iliyopitia Kiingereza cha FitzGerald. Kiingereza cha masomo ya posta kilikuwa kimemfikisha kwa mshairi wa Uajemi. Insha zake zilistawisha kwa Kiswahili utanzu ambao haukuwa na mizizi mirefu katika lugha hiyo.

Muhimu zaidi ni kwamba elimu yenyewe iligeuka kuwa mada. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha watu sheria, maarifa ambayo wakubwa wa nchi hawakupenda yaenee. Kufikirika inajadili malezi ya mwana wa mfalme na walimu wanaofaa. Mtu aliyeipata elimu kwa jasho alijua kwamba haigawiwi bure, na kwamba wapo wanaofaidika inapokosekana.

Hapa pana gharama ya kuzingatiwa. Kufikirika iliandikwa mwaka 1946, lakini haikuchapishwa hadi 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Mwandishi alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, bila kuviona vitabu hivyo vikiwa mikononi mwa wasomaji.

7.0 Hitimisho

Malezi ya kisomo ya Shaaban Robert yanaonyesha kwamba shule fupi ilitosha kuwasha moto, lakini haikutosha kuulisha. Uliolishwa na gazeti lililokubali maandishi ya wasomaji, na posta iliyobeba masomo na barua, na ndugu aliyejibu, na lugha iliyokuwa ikijengwa wakati uleule. Kipawa alikuwa nacho. Ila kipawa bila vyombo hivyo kingebaki kikiimbwa Machui na kusahauliwa. Watafiti wanaouliza kwa nini Kiswahili hakijapata Shaaban Robert wa pili wangefanya vema kwanza kuhesabu ni vyombo vingapi vya aina hiyo ambavyo kijana wa miaka 17 anavikuta anapotoka darasani.